MGOMO UNA KANUNI, VIKWAZO JE?

Ndugu wafanyi kazi,

Siku hizi nchi ikikosana na wakubwa wa dunia, au na majirani zake, amri ya kwanza kutolewa ni vikwazo. Bandari zifungwe, mpaka ufungwe, benki zisipokee fedha zake, ndege zisiruke. Amri hiyo husomwa katika ukumbi mzuri mbele ya wapiga picha, na walioisoma hurudi kwao kwa ndege. Kisha kazi ya kuitekeleza inatujia sisi. Mpakuzi wa bandari anaambiwa asiguse mzigo fulani. Dereva wa lori anageuzwa mpakani. Mfanyi kazi wa uwanja wa ndege anaambiwa ndege ile isitiwe mafuta. Amri ni yao, mikono ni yetu. Kwa hiyo tunayo haki ya kuuliza: amri hii inamuumiza nani?

Tuseme wazi kabla hatujasingiziwa. Hatumtetei mtawala anayeshika serikali kwa bunduki, wala anayewafunga watu wake bila korti. Wala hatusemi kwamba kila kizuizi ni kibaya. Chama cha wafanyi kazi hakiwezi kusema hivyo, maana silaha yetu kubwa ni kuzuia. Tunapogoma tunazuia kazi. Tunapotangaza kususia bidhaa tunazuia biashara. Tunajua kuzuia ni nini, na kwa sababu tunajua, tunaweza kupima kuzuia kwa wengine.

Wazee wetu waliogoma Mombasa mwaka 1947, na wapakuzi waliogoma hapo hapo mwaka 1955, walituachia elimu. Mgomo una kanuni zake. Ya kwanza: wanaoumia ndio wanaoamua. Hagomeshwi mtu kwa amri ya mtu mwingine aliyeshiba. Ya pili: kazi za kuokoa uhai haziguswi. Ya tatu: madai yanajulikana, na yakitimizwa watu wanarudi kazini. Ya nne: maumivu yamfikie tajiri mwenyewe, si jirani aliyepita njiani. Mgomo usio na kanuni hizi si mgomo, ni fujo. Na tajiri akifunga lango la kiwanda ili njaa iwalainishe watu, hilo nalo si mgomo. Ni kufungiwa nje.

Sasa tuvipime vikwazo kwa kanuni hizi nne. Tuchukue habari ya Burundi, maana hatuna haja ya kwenda mbali, na maana Kenya yetu ilikuwemo.

BURUNDI 1996

Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alishika serikali kwa nguvu za jeshi, akamwondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaendelea tangu Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, mtu aliyechaguliwa kwa kura. Siku sita baada ya mapinduzi, yaani 31 Julai, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaamua kuifungia Burundi. Madai yalikuwa matatu: Bunge lirudishwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na mazungumzo ya amani yaanze na pande zote bila masharti.

Madai hayo yalikuwa ya haki. Hatuna neno nayo. Neno letu ni juu ya njia iliyotumiwa.

Burundi haina bahari. Njia yake kubwa ya mizigo ni Dar es Salaam, kwa reli mpaka Kigoma, kisha kwa meli kuvuka Ziwa Tanganyika. Njia nyingine ni ile ya Mombasa, kwa lori, kupita Uganda na Rwanda. Nyingine ni ya kusini, kutoka Mpulungu, Zambia. Majirani wakikubaliana kuifunga nchi ya namna hii, ni kama kuifunga nyumba yenye mlango mmoja huku watu wamo ndani. Mafuta ya magari yalizuiwa. Kahawa na chai, ambazo ndizo zinazoiletea Burundi fedha za kigeni, zilizuiwa. Ndege za abiria za kwenda Bujumbura zilisimamishwa, pamoja na zile zilizokuwa zikitoka Nairobi.

KANUNI YA KWANZA: NANI ALIAMUA?

Je, mkulima wa kahawa wa Ngozi aliulizwa? Dereva wa basi wa Bujumbura aliulizwa? Mwalimu, muuguzi, mpakuzi wa bandari ya Bujumbura, waliulizwa? Hawakuulizwa. Walisikia habari kwenye redio kama sisi.

Hapa watu hutuambia: mbona mlisusia Afrika Kusini? Tunashukuru kwa swali hilo, kwa sababu jibu lake ndilo linalotenga njia mbili. Mwaka 1959 Chifu Albert Luthuli na wenzake waliiomba dunia isinunue bidhaa za Afrika Kusini. Tarehe 26 Juni mwaka huo huo Mwalimu Julius Nyerere alihutubia mkutano wa London ulioanzisha kususia huko. Baadaye COSATU, shirikisho la vyama vya wafanyi kazi lililoundwa 1985, liliunga mkono vikwazo, na viongozi wake walijua kwamba watu wao wenyewe wangeweza kupoteza kazi. Hao ni watu waliosema: tutaumia, lakini fanyeni. Huo ni mgomo, ila umepanuliwa ukavuka mipaka.

Tena angalieni namna ndege zilivyozuiwa siku zile. Kuanzia 1963 ndege za shirika la serikali ya makaburu zilinyimwa anga la nchi nyingi za Afrika, zikawa zinazunguka kwa kufuata bahari upande wa magharibi ili zifike Ulaya. Serikali na shirika lake walipata hasara ya mafuta na saa. Hakuna mgonjwa wa Soweto aliyefungiwa nchini kwa amri hiyo. Kuinyima anga ndege ya serikali ni jambo moja. Kufunga uwanja wa ndege wa nchi nzima ni jambo jingine kabisa.

KANUNI YA PILI: KAZI ZA UHAI

Sisi wa Kenya tunaifahamu kanuni hii kwa ukali wake. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inakataza mgomo katika kazi ambazo zikisimama zinaweza kuhatarisha maisha ya mtu au afya ya watu. Imezitaja: maji, hospitali, zimamoto, feri. Na imetaja pia waongoza ndege. Mwongoza ndege wa Kenya hawezi kugoma hata akipunjwa namna gani, kwa sababu serikali inasema anga likifungwa watu watakufa. Tarehe 11 Septemba 2024 kazi katika uwanja wa Jomo Kenyatta ilisimama kwa siku moja tu kwa ajili ya mgomo wa wafanyi kazi wengine wa viwanja vya ndege. Kila mtu alisikia kelele za wakubwa juu ya abiria waliokwama.

Vizuri. Basi kama siku moja ni hatari, miaka sita ni nini?

Sana'a, mji mkuu wa Yemen, ilifungiwa ndege za abiria tangu Agosti 2016 na muungano wa kijeshi ulioongozwa na Saudi Arabia, uliokuwa ukilitawala anga la nchi ile. Ndege ya kwanza ya abiria iliruka kutoka hapo kwenda Amman tarehe 16 Mei 2022, baada ya kusimamishwa kwa vita kulikopatanishwa na Umoja wa Mataifa. Karibu miaka sita. Mgonjwa wa moyo au wa saratani aliyehitaji matibabu ya nje ilimpasa kupita barabarani, katikati ya majeshi yanayopigana, mpaka Aden au Sayun, ndipo apate ndege. Aliye mahututi hawezi safari hiyo. Februari 2020, baada ya miaka mitatu na nusu ya kufungwa, ziliruhusiwa ndege chache za kuwatoa wagonjwa, nao walikuwa wachache.

Walioufunga uwanja ule walisema wanazuia silaha. Lakini katika miaka hiyo hiyo ndege za Umoja wa Mataifa na za misaada zilikuwa zinatua pale pale Sana'a kwa kibali. Ikiwa ndege ya mfanyi kazi wa misaada inaweza kukaguliwa na kupita, ya mama mwenye mtoto mgonjwa inashindikana vipi? Haikuwa shida ya ukaguzi. Ilikuwa ni kuchagua nani anahesabiwa na nani hahesabiwi.

Turudi Burundi. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba dawa na chakula cha watoto ni lazima vipite. Lakini ruhusa zilitolewa kidogo kidogo, leo hiki kesho kile, kwa maombi na vibali. Ilipofika Aprili 1997 ndipo viongozi walipokutana tena Arusha wakavifungulia vyakula, vifaa vya shule, vifaa vya ujenzi na mahitaji ya kilimo. Hesabuni wenyewe: karibu miezi tisa. Msimu wa kupanda haungoji mkutano. Mtoto wa shule hawezi kuambiwa akae miezi tisa, kisha vitabu vitakuja.

Na hata dawa ikiruhusiwa kwa karatasi, inasafiri kwa nini? Kwa lori. Lori linakwenda kwa mafuta. Ukizuia mafuta umezuia dawa, hata kama hukuandika hivyo. Dereva yeyote angewaeleza wakubwa wale jambo hili kwa dakika mbili, kama wangemwita.

Haki hizi si zawadi ya mtu. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 13, linasema kila mtu anaweza kutoka katika nchi yoyote, hata yake mwenyewe, na kurudi kwao. Kifungu cha 25 kinataja chakula na matibabu. Na mwaka 1997, Burundi ikiwa bado imefungwa, kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia haki za uchumi na jamii ilitoa maelezo kwamba wananchi hawapotezi haki zao za msingi kwa sababu ya makosa ya viongozi wao, na kwamba wanaoweka vikwazo wanabeba wajibu wa kuzilinda haki hizo. Hiyo ni sheria, ndugu. Si huruma.

KANUNI YA TATU: MADAI YAKITIMIZWA

Sisi tukisema tunagoma kwa sababu ya mambo matatu, na tajiri akatimiza mawili, tunaitana tunazungumza. Labda tunarudi kazini huku tukijadili la tatu. Labda nusu yetu inarudi. Lakini hatuwezi kukaa kimya kana kwamba hakuna kilichotokea.

Septemba 1996, hata miezi miwili haijapita tangu mapinduzi, Buyoya alitangaza kulirudisha Bunge na kuviruhusu vyama vya siasa. Ni kweli Bunge lile lilikuwa pungufu, wabunge wengine wameuawa, wengine wamekimbia. Lakini lilikuwa jibu. Mkutano wa Arusha wa Oktoba 1996 uliviacha vikwazo palepale. Havikusimamishwa mpaka Januari 1999. Miaka miwili na nusu. Mtu unayemdai akiona kwamba akilipa au asipolipa fimbo ni ile ile, ataacha kulipa.

Libya nayo ilifungiwa ndege na Baraza la Usalama tangu Aprili 1992, kwa ajili ya ndege iliyolipuliwa juu ya Lockerbie mwaka 1988 na kuua watu 270. Wale 270 walistahili haki, na mtu asilidharau jambo hilo. Lakini kwa miaka saba raia wa Libya, mgonjwa au mzima, walisafiri kwa barabara mpaka Tunisia au Misri ili wapate ndege, kwa kosa la watu wawili walioshitakiwa. Nelson Mandela mwenyewe alipokwenda kuwaona, Oktoba 1997, ilimbidi aingie kwa motokaa kutoka Tunisia. Juni 1998 viongozi wa Afrika walikutana Ouagadougou wakasema yatosha, hawatalitii tena zuio lile la ndege ikiwa kesi haitapelekwa nchi isiyo na upande. Mwaka uliofuata washitakiwa walikabidhiwa wapelekwe Uholanzi, na vikwazo vikasimamishwa. Waliosema yatosha kule Ouagadougou ni baadhi ya wale wale waliokuwa bado wameufunga mlango wa Burundi. Kibanzi cha Baraza la Usalama walikiona. Boriti ya Arusha hawakuiona.

KANUNI YA NNE: NANI ALILIPA?

Mafuta yalipoadimika Burundi, jeshi halikutembea kwa miguu. Bei ilipanda, na mafuta yakaanza kuingia kwa magendo. Mwenye magendo ni nani? Ni yule mwenye lori, mwenye fedha na mwenye rafiki katika jeshi. Kahawa ilitoka kwa njia za vichochoro, na faida ikabaki kwa mtu wa kati. Mkulima alipata kidogo kuliko jana, na mshahara wa kibarua ukawa haununui kitu. Vikwazo viliwekwa ili kuwabana wakubwa. Wakubwa wakavigeuza duka.

Wala wafanyi kazi wa upande wetu hawakusalimika. Lori lisipotembea, dereva na taniboi wake hawana safari, na kibarua wa ghala la mizigo ya Burundi hana mzigo. Hakuna serikali iliyowaita ikasema: ninyi mmebeba siasa yetu mabegani, haya ni malipo yenu.

WANAYOTUJIBU

Wako wanaosema: lakini vikwazo vilifaa, maana Buyoya alikuja mezani. Jibu hili lina uzito na hatulikimbii. Ni kweli mazungumzo ya pande nyingi yalianza Arusha Juni 1998, vikwazo vikiwa bado. Ni kweli pia kwamba serikali isiyobanwa haina haraka. Lakini tazameni mwisho wa habari. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999 na mazungumzo hayakuvunjika. Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, mwaka mmoja na miezi saba baada ya mlango kufunguliwa. Kwa hiyo amani haikuhitaji mtoto wa Bujumbura akose dawa ili ipatikane. Kama kulikuwa na haja ya kubana, kulikuwa na akaunti za benki za kubana, safari za wakubwa za kubana, na silaha za kuzuia.

Na silaha tunajua kuzizuia. Aprili 2008 meli ya China, An Yue Jiang, ilifika Durban na silaha za kwenda Zimbabwe. Wapakuzi wa bandari ile, kwa chama chao, walikataa kuzipakua. Hawakuzuia unga wa watu wa Zimbabwe, wala dawa, wala basi la abiria. Walizuia risasi. Hivyo ndivyo mfanyi kazi anavyoweka kikwazo: anajua anazuia nini, na anamzuilia nani.

Je, somo la Burundi limeshikwa? Tazameni Niger. Baada ya mapinduzi ya Julai 2023, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi ilifunga mipaka na anga, na Nigeria ikakata umeme ambao Niger iliutegemea sana. Malori yalipanga mstari mrefu upande wa Benin. Februari 2024 viongozi wakaondoa sehemu kubwa ya vikwazo wakitaja huruma kwa watu, na kwamba Kwaresima imeanza na Ramadhani inakaribia. Tunashukuru kwa huruma hiyo. Lakini Ramadhani haikuanza mwaka ule. Na njaa hutangulia kalenda.

Hata kwetu, Mei 2021, Serikali ilisimamisha ndege za kwenda na kutoka Somalia, na sababu haikutangazwa. Angalau ndege za wagonjwa na za misaada za Umoja wa Mataifa ziliruhusiwa tangu siku ya kwanza, na zuio likaondolewa mwezi uliofuata. Hili linaonyesha jambo moja: ruhusa ya siku ya kwanza inawezekana. Anayesema haiwezekani hataki.

TUNAYODAI

Kenya ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Burundi imo humo tangu 2007. Mwaka 2021 na 2022 Kenya ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama, na Desemba 2022 ilipiga kura ya ndiyo kwa azimio 2664, linalosema kwamba kuzuiwa kwa mali chini ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa kusiwe kizuizi kwa misaada ya kibinadamu. Kwa hiyo hatuiombi Serikali jambo geni. Tunaitaka iyatende nyumbani na kwa majirani yale iliyoyapigia kura New York.

1. Kenya isikubali tena, katika mkutano wowote, kufunga ndege za abiria za nchi nzima. Wazuiwe wenye makosa kwa majina yao, pamoja na fedha zao na silaha zao.

2. Dawa, chakula, mbegu, vitabu, na mafuta ya kuvisafirisha, viruhusiwe kwa maandishi siku ile ile vikwazo vinapoanza. Safari za wagonjwa pia. Isiwe kibali kwa kila katoni.

3. Kila kikwazo kiwe na madai yaliyoandikwa na tarehe ya kwisha. Dai likitimizwa, sehemu yake ifunguliwe. Tarehe ikifika, wanaotaka kuendelea wasimame watoe sababu mbele ya watu.

4. Vyama vya wafanyi kazi vya nchi inayofungiwa viulizwe. Wakisema fungeni, tutafunga nao. Wakisema mnatuua, tusiwe na masikio ya kopo.

5. Dereva, taniboi, mpakuzi na mfanyi kazi wa ndege anayekosa kazi kwa amri ya Serikali alipwe na Serikali.

Ndugu, kila tunapogoma tunaambiwa tuwafikirie wananchi. Tunaambiwa tusiwe wakatili, tutoe notisi ya siku saba, tusiguse hospitali. Tumekubali. Tunafuata kanuni hizo, na anayezivunja kati yetu hupelekwa kortini. Sasa ni zamu yao. Mambo ambayo sheria inamkataza kibarua kuyafanya kwa siku moja, serikali zisiyafanye kwa miaka sita halafu ziyaite amani.

Yasomeni haya katika matawi yenu, myajadili, mlete maazimio. Siku amri nyingine itakaposhuka kutuambia tufunge mlango wa jirani, itukute tumekwisha kukubaliana swali la kumuuliza mtoa amri: ndani ya nyumba hiyo kuna nani?

UMOJA NI NGUVU.